Majina ya Siku ya Tisa

Potrero Karanda,
12 Desemba 1996

Dada yangu Blásida,

Pokea salamu zangu kabla ya yote, na Kasilda anayekusomea naye apokee zake. Najua amekaa kando ya kitanda na miwani yake iliyofungwa uzi, na wewe unamenya kitu huku unasikiliza, kwa kuwa hujawahi kukaa bure tangu uzaliwe. Mgongo unaendeleaje? Yule bibi unayemfanyia kazi ameshanunua ufagio wa mpini mrefu, au bado anataka sakafu isuguliwe kwa magoti? Sisi huku ni wazima, tukiondoa yale yasiyoondoka. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Maua ya minazi yamepasuka na nyumba nzima inanukia Krismasi. Mjomba Anastasio anakusalimu; bado ana kikohozi na bado anavuta.

Shali nyeusi uliyompa dereva wa basi ilifika salama, ingawa baada ya mazishi. Nimeivaa kila Jumapili tangu hapo, hata sasa kwenye joto hili, na wanawake wa kanisani wamenisifu kwa uchungu wangu. Laiti wangejua uchungu wenyewe ni upi.

Kwenye simu mwezi wa nane uliniuliza swali moja tu, kama Mama alisaliwa vizuri. Nilikujibu ndiyo, kisha tukalia dakika zote tulizolipia, mpaka yule binti wa ofisi ya simu akagonga kioo kutukumbusha kwamba kuna foleni. Jibu lile halikuwa kamili. Sasa shule imefungwa na sina tena madaftari ya kusahihisha ya kujifichia, kwa hiyo nitakueleza yote tangu mwanzo. Mwishoni kuna jambo langu na lako. Nikilisema sasa sitaimaliza barua, basi nivumilie.

Ña Eduviges unamkumbuka, yule mwongoza sala wa ng'ambo ya kijito, aliyetupa peremende za asali kila alipokuja kumsalia maiti wa watu. Bado yupo, lakini macho yameingia ukungu. Kitabu cha sala sasa hushikwa na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi anayeitwa Nimia. Mama yake Nimia alikwenda huko huko uliko wewe na hajaleta habari kwa miaka sita. Bibi hukaa kwenye kiti, mtoto husimama mbele ya altare, na watu wote hapa wamezoea. Wenye kufiwa huwapa unga, mayai, kuku, pakacha la mihogo, na hivyo ndivyo wanavyoishi wale wawili.

Nimia huyo huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimrithi miaka miwili iliyopita, darasa la tatu, akarudia, na mwaka huu akawa tena mbele yangu, benchi la dirishani. Unajua ninavyofundisha: darasa la pili na la tatu chumba kimoja, watoto thelathini na wanne, ubao mmoja uliogawanywa kwa mstari wa chaki. Mimi huandika, wao hunakili, kisha tunasoma kwa pamoja kwa sauti mpaka paa linatikisika. Kwenye kusoma kwa pamoja Nimia alikuwa kiongozi wa kwaya. Nikimsimamisha peke yake alikuwa bubu. Aliangalia ukurasa kama mtu anavyoangalia mto uliofurika, anatafuta mahali pa kuvukia na hapaoni. Neno alilolisoma juu ya ukurasa hakulitambua tena chini yake. Herufi alizigeuza, akaziruka, akazibandika mwisho wa neno zilizokuwa za mwanzo. Nilimkaripia, nikambembeleza, nikamweka mbele, nikamweka nyuma. Mwalimu mkuu alisema kosa ni lugha ya nyumbani, kwamba bibi yake aachane na Kiguarani na azungumze naye Kihispania. Nilimpelekea Ña Eduviges ujumbe huo. Alinitazama kwa macho yake ya ukungu akaniuliza kama na Mungu nimeshamwambia.

Basi Mama akafariki, tarehe tano mwezi wa nane, na upepo wa kusini ulikuwa unakata masikio. Kuanzia kesho yake, saa kumi alasiri, Nimia alisimama uani kwetu, mbele ya altare iliyofunikwa shuka nyeupe na nyeusi, akafungua kitabu na kumsalia Mama yetu.

Blásida, sijawahi kusikia kitu kama kile. Litania yote, sala za roho za toharani, zile ndefu za kizamani ambazo padri mwenyewe huzichungulia kwenye karatasi, yeye alizitoa moja baada ya nyingine, hakuteleza hata mahali pamoja. Alifungua ukurasa panapostahili kufunguliwa. Kidole chake kilifuata mstari. Wazee waliokuja kwa ajili ya maandazi ya chipa walisahau kutafuna. Siku ya kwanza nililia, siku ya pili nililia, na siku ya tatu machozi yalikauka nikaanza kumtazama yule mtoto kwa jicho la mwalimu.

Nilijiambia: kumbe anajua kusoma. Anasoma kuliko mimi. Miaka miwili nimelivunja koo langu na yeye ananicheza shere, ananyamaza darasani ili asifanye kazi, kisha anakuja kunisomea litania kwenye msiba wangu mwenyewe. Siku ya tano nilimuuliza kando ya tanuri kwa nini shuleni hasomi. Alijibu kwamba shuleni ni tofauti. Nilimuuliza tofauti gani. Alikuna mguu mmoja kwa mwingine akasema kitabu cha bibi kinamjua. Niliona ni ufidhuli. Nilirudi ndani nikiwa nimekasirika kwa namna ambayo mfiwa hapaswi kukasirika, na nikakaa na hasira hiyo siku nne, nikiipasha moto kila alasiri.

Siku ya tisa unajua ilivyo. Tulichinja, tulioka chipa tanuri mbili, altare iliongezwa ngazi, na watu walijaa mpaka kwenye mchungwa. Siku hiyo ndipo yanaposomwa majina ya marehemu wote wa ukoo, wa kwanza akiwa yule anayesaliwa. Desturi ni kumpelekea mwongoza sala majina hayo siku moja kabla, kwa mdomo, na yeye huyarudia mpaka yamkae. Mimi sikuyapeleka. Niliyaandika kwenye karatasi nyeupe, majina ishirini na mawili, kwa mwandiko wangu wa ubaoni ambao hata kipofu angeuona, na nilipoona sala zimefika mahali pake nikapita katikati ya watu nikamtia Nimia karatasi mkononi. Nilimwambia polepole, kwa tabasamu, asome. Nilitaka mambo mawili. Akisoma, nimemkamata, Jumatatu atasoma na darasani. Asiposoma, pia nimemkamata. Sikufikiria zaidi ya hapo, na Mama alikuwa na siku tisa tu kaburini.

Aliishika karatasi. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kile kitabu cha bibi yake anakijua kwa madoa ya nta: doa kubwa ni litania, madoa mawili madogo ni sala za toharani, ukurasa ulioungua pembeni ni wimbo wa kufunga. Karatasi yangu ilikuwa safi, haina doa hata moja. Watu walisubiri. Mtoto alimtafuta bibi yake kwa macho, na bibi yake hakuweza kuona kwamba anatafutwa. Kisha akainua kichwa na kuanza.

Alisema: Rufina. Watu wakaitikia umrehemu Bwana. Akasema Leoncio, na hapo ni Baba. Akasema babu zetu wote wawili, akasema nyanya Tránsito, akasema yule mtoto wa Mama aliyekufa na siku mbili ambaye hata mimi nilikuwa nimesahau kumwandika. Majina hayakufuata orodha yangu lakini yalikuwa ya kwetu, na kila moja uwanja mzima uliliitikia. Kumi na moja. Na la kumi na mbili, kwa sauti ile ile tulivu, alisema: na roho ya Blásida.

Usishtuke, dada. Kasilda, msomee tu, usisimame hapo.

Watu walikuwa wameshaitikia. Wote, na mimi nikiwemo, tuliomba Bwana airehemu roho yako, kabla hatujasikia tulichokiomba. Kisha shangazi Gumersinda akaangusha sinia ya biskuti. Mjomba Anastasio alimpokonya mtoto ile karatasi, akayasoma yeye majina yote ishirini na mawili, kwa hasira, kama anayesoma mashtaka, na alipomaliza akauliza ni nani aliyempa karatasi mtoto asiyejua kusoma. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Niliinama kuokota biskuti. Ña Eduviges alisimama kwenye kiti chake, akanyoosha mkono hewani mpaka mtoto alipoweka bega lake chini yake, na wakaondoka wawili hao bila kuchukua kuku wao. Nyuma yao mtu mmoja alisema kumbe yule alishika kitabu kama kuku aliyeshika rozari, na wengine wakacheka, kwa kuwa walikuwa wameogopa.

Hapa kwetu unajua mtu hai akitajwa katikati ya wafu inasemwaje. Ndiyo maana nilikimbilia simu juma lile, nikakuuliza mara tatu kama u mzima, na wewe ukanicheka kabla hujaniuliza habari za Mama. Lakini wengine hawakucheka. Mwezi wa tisa walikufa watu wawili, Don Eleuterio na mke wa mwashi, na familia zote mbili zilimleta mwongoza sala kutoka mjini kwa pikipiki. Shuleni watoto walimtungia Nimia jina, wakamwita Mzika-hai. Akipita walijiziba masikio na kumwambia, "Usinitaje mimi, Mzika-hai, bado sijala mchana." Na yeye, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, aliacha hata kusoma kwa pamoja. Midomo ilikuwa inakwenda, sauti haimo.

Mwishoni mwa mwezi huo walimu tuliitwa mjini kwa mafunzo ya siku mbili. Alikuja mtaalamu kutoka mji mkuu, mwanamke kijana, Mirtha jina lake, akiwa na tumbo la miezi saba na jagi lake la chai baridi ya tereré mezani. Mimi nilikaa nyuma ili nipate kusinzia. Akaanza kueleza kwamba wako watoto, karibu kila darasa, ambao wana akili timamu na masikio mazuri, lakini herufi hazishikamani na sauti kichwani mwao. Si uvivu, si ukaidi, si lugha ya nyumbani, wala si macho. Mara nyingi, alisema, watoto hawa hujificha. Wana kumbukumbu ya ajabu, kwa kuwa ndiyo gongo lao. Watawasikiliza wenzao wakisoma na watawarudishieni ukurasa mzima, na ninyi mtadhani wamesoma, na siku mtakapowabadilishia ukurasa mtadhani wamewadanganya. Blásida, nilihisi kama mtu anasoma barua iliyoandikwa kunihusu mbele za watu. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi miaka kumi na minne nimefundisha kana kwamba nywele zote duniani ni za kusuka mkia mmoja.

Nilimfuata wakati wa mapumziko, nikamwuliza mtoto wa namna hiyo hufundishwaje. Alinieleza kwa uvumilivu: sauti moja kwa wakati mmoja, kwa kidole, kwa mdomo, kwa udongo, kwa lugha anayoizungumza, nusu saa kila siku, peke yake, miaka miwili au mitatu. Nilimwuliza kama kuna mahali pa kumpeleka. Alisema kuna chumba kimoja katika mji mkuu, na kwamba orodha ya wanaosubiri imefika mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane. Alipoona uso wangu akanishika mkono akasema, "Mwalimu, nusu saa kwa siku ni bora kuliko hakuna." Nilikuwa na watoto thelathini na watatu wengine, na nusu saa sikuwa nayo, lakini niliitikia.

Nilianza Oktoba, wakati wa mapumziko na baada ya kengele. Nilijaza sinia udongo mwekundu tukachora herufi kwa kidole. Nilifinyanga herufi za unga wa chipa, tukazioka, na alizozitambua alizila. Alikula sita. Hiyo ndiyo hesabu ya kazi yangu, herufi sita na maneno manne mafupi, na kila neno lilimtoka kama mtu anayetoa mwiba. Alikuja kila siku. Hakuwahi kunitazama usoni. Siku moja tu aliongea bila kuulizwa. Aliniambia kwamba herufi zikiwa za unga haziendi mahali popote, zinakaa. Nilikwenda nyuma ya choo cha shule nikalia huko.

Mtihani ulikuwa Novemba. Kila mtoto husoma kifungu kwa sauti mbele ya mwalimu na shahidi mmoja. Nimia alisoma neno la kwanza na la nne. Nilimwomba mwalimu mkuu tumpe alama ya kumpitisha. Hakuwa mkali, aliniuliza tu, mwaka kesho darasa la nne atamkuta nani, na huyo atamfanyia nini. Kanuni inasema aliyeshindwa mara mbili hana tena nafasi. Niliandika moja, alama ya kushindwa, kwenye kitabu cha alama, kwa kalamu yangu, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri.

Juma la kwanza la Desemba nikasikia dukani kwamba Ña Eduviges amempatia Nimia mahali. Kuna mama mmoja katika mji mkuu, mke wa mfanyabiashara wa vigae, anataka msichana wa kukaa naye. Atalala huko, atakula huko, atasaidia kazi, na jioni atapelekwa shule. Neno kwa neno, dada, kama ulivyoahidiwa wewe. Shule ya jioni uliiona mara ngapi? Kijijini hakuna aliyeshangaa. Nusu ya nyumba za hapa zimetoa mtoto hivyo, na mwenye duka alisema afadhali, maana huko hakuna anayejua kwamba anataja watu.

Nilivuka kijito siku ile ile. Nilimkuta Ña Eduviges anapembua maharage kwa vidole. Nilimwambia amwache mtoto, nitamchukua mimi, atalala kwenye chumba cha Mama, nitamfundisha mwenyewe jioni hata ikichukua miaka mitano. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza yote ya mtaalamu. Hakuniacha nifike huko. Alisema, "Wewe, mwalimu, umeshamchukua miaka miwili. Tazama ulichonirudishia." Kisha akaendelea na maharage yake. Nilivuka tena kijito, mtu mzima, na cheti changu cha ualimu kikiwa kimetundikwa nyumbani kwenye fremu.

Asubuhi ya kuondoka alipita kwangu. Alikuwa na boksi la kadibodi lililofungwa kamba, na viatu vya mtu mwingine. Nilidhani amekuja kuaga, na nilikuwa nimemwekea herufi za unga kwenye kitambaa. Alizipokea. Halafu, akiwa amesimama mlangoni, alisema majina yote ishirini na mawili ya karatasi yangu, kwa mpangilio nilioyaandika, aliyoyasikia mara moja tu katika hasira ya Mjomba Anastasio. Alinieleza kwamba siku ya tisa hakuwa na hayo. Alikuwa na majina ya Mama tu, maana Mama alikwenda kwao kila Jumatatu, siku ya roho, miaka mingi, akawasha mshumaa na kutaja wafu wake, na kila Jumatatu alimalizia na Blásida. Mtoto hakujua kama u hai. Alijua tu kwamba Ña Rufina alikutaja mwisho, na kwamba alipokutaja aliinama.

Kwetu nyumbani, unajua, Mama hakulitamka jina lako. Tangu ulipopandishwa lori ukiwa na miaka kumi, alisema "yule wa kwanza" au hakusema kitu. Nilidhani ni moyo mgumu. Kumbe kila Jumatatu alivuka kijito kukuweka mahali ambapo wanawekwa wale ambao hatuna tena tunachoweza kuwafanyia.

Nimia alikuwa bado mlangoni. Akaniuliza, "Mwalimu, na huyo dada yako, nimtoe au nimwache? Ña Rufina ndiye aliyemweka." Nilimwambia kwamba siwezi kulijibu hilo, nitamwuliza mwenye jina. Alisema sawa, lakini mpaka hapo ataendelea kukutaja, kwa sababu akiruka mmoja wote wanampotea. Lori lilipiga honi akaenda.

Sasa lile jambo. Kasilda, hapa nakuomba usiharakishe, na usiruke neno kwa huruma.

Blásida, unakumbuka tulivyokwenda shule, mimi miaka minane, wewe kumi, chumba kimoja. Njiani nilikusomea somo la siku, mara mbili, na wewe ukalishika lote, na mbele ya Bi Arminda ulisimama ukasoma vizuri kuliko mimi. Ilikuwa siri yetu na uliniita macho yako. Mwezi wa tano Bi Arminda alikuchagua wewe useme shairi la siku ya akina mama, na Mama akaanza kukushonea gauni jeupe. Mimi nilisoma, wewe ukashonewa gauni. Nilikaa na hilo siku nne. Kisha nikaenda mezani kwa mwalimu, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Dada yangu hasomi, anakariri. Mpe ukurasa mwingine."

Alikupa ukurasa mwingine. Ulipigishwa magoti juu ya punje za mahindi mpaka kengele, na nilikuwa nimekaa benchi la mbele, nikitazama. Mama aliitwa, akaambiwa mtoto ana kichwa kigumu na juu ya hayo ni mwongo. Februari hukuwepo tena. Gauni nilivaa mimi. Wewe ulidhani ni Wilfrida wa Don Sixto aliyekusema, na hukumsalimia tena hata siku ya harusi yake, na mimi nimeuona uso wa Wilfrida miaka ishirini na sita kila nikienda dukani, naye hajui hadi leo alikukosea nini. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Kilikuwa kinatembea na wewe njia nzima ya shule, kimeshika mkono wako.

Na baada ya yote hayo nikawa mwalimu, na mtoto mwingine akaletwa mbele yangu mwenye kila kitu chako, hata sauti, na nikampa ukurasa mwingine.

Sikuandiki ili unisamehe. Huko uliko hata kunipiga huwezi, na msamaha wa karatasi Kasilda atauandika kwa adabu kuliko utakavyousema. Nimekuandikia kwa sababu nilimwahidi Nimia nitakuuliza. Basi nakuuliza: akutoe, au akuache alipokuweka Mama? Hata ukinijibu sijui jibu nitalipeleka wapi. Anwani anayo Ña Eduviges, naye hapokei salamu zangu. Na kama ningeipata, nikamwandikia, ni nani katika nyumba ile atakayemsomea?

Hata hivyo nijibu, dada. Leo ni Alhamisi, na Jumatatu atakutaja.

Funga mgongo wako kwa kitambaa cha moto kabla ya kulala. Ndama nimempa jina la Mama. Mjomba anasema mwaka huu pango la Krismasi lisiwekwe kwa ajili ya msiba, lakini mimi nitaweka dogo, na ua moja la mnazi kwa ajili yako, maana ulilipenda. Msalimie sana Kasilda, na umwambie asante kwa sauti yake.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa macho yako,

Zunilda